Bure, Huru na Huria: Historia ya Kompyuta, Programu Huria na Lugha ya Mpakani katika Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kompyuta, programu zake na jamii zake za mtandaoni zilivyopokelewa na kupimwa thamani katika mji wa Kasese na mji mdogo wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Yanahoji kwamba maoni ya kila siku kuhusu teknolojia katika eneo hili hayakuanza na kompyuta. Yalirithiwa kutoka kwa historia ndefu zaidi, yaani historia ya mgodi, ya ofisi, ya askari na ya mpaka, ambamo watu walijifunza kuuliza chombo ni cha nani, kinasema lugha gani, na kikiharibika nani atakitengeneza. Kwa kupitia maneno matatu ya Kiswahili, *bure*, *huru* na *huria*, makala yanaonyesha kwa nini programu huria ilienea sana bila kujulikana kwa jina, na kwa nini Kiswahili kilichotafsiriwa kwa ajili ya kompyuta hakikuwafikia watumiaji wa mpakani. Mwisho yanatoa mapendekezo kwa watunga sera wakati huu ambapo Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za sekondari za Uganda.

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia ya habari katika Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kutoka pwani na kutoka miji mikuu. Msimulizi huanza na nyaya za chini ya bahari zilizofika mwaka 2009, akapita Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kisha akamaliza kwa sentensi moja kuhusu "maeneo ya pembezoni". Kasese na Bwera huingia katika sentensi hiyo ya mwisho. Hata hivyo, pembezoni mwa nchi moja ni katikati ya safari za watu wengine. Kutoka Bwera hadi kituo cha mpakani cha Mpondwe ni mwendo mfupi, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, barabara ya kwenda Beni na Butembo, na soko la mamilioni ya watu wa mashariki mwa Kongo. Bidhaa, nyimbo, uvumi, magonjwa na simu hupita hapo kila siku, na lugha hupita pamoja navyo.

Mtu anayenunua kompyuta iliyotumika huuliza maswali machache yasiyobadilika. Ni nzima? Ina programu gani? Ikiharibika nitampelekea nani? Maswali haya yanaonekana ya kibiashara tu. Yakisomwa kihistoria, hata hivyo, yanabeba nadharia nzima ya umiliki, ya imani na ya lugha. Makala haya yanayachukua kwa uzito huo. Hoja kuu ni kwamba sera ya programu huria na sera ya Kiswahili nchini Uganda zimeendeshwa kama mambo mawili yasiyohusiana, ilhali katika maisha ya mpakani ni jambo moja: ni nani ana haki ya kukifungua chombo, kukielewa na kukibadilisha kwa maneno yake mwenyewe.

2.0 Kasese kabla ya kompyuta: shaba, reli na lugha za ofisi

Kasese ya leo ni mtoto wa mashine. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uzalishaji. Shaba iliyochimbwa chini ya milima ya Rwenzori ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikasafirishwa kwenda nje. Mgodi ulikuwa na umeme wake kutoka mto Mubuku, hospitali yake, nyumba zake na ratiba yake ya kengele. Wafanyakazi walitoka sehemu nyingi za Uganda na nchi jirani, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizowaunganisha watu wasiokuwa na lugha ya mama moja. Shughuli za uchimbaji ziliposimama mwaka 1982, mji ulibaki na mafundi waliojua kutengeneza, na na kumbukumbu ya utajiri uliopita mbele ya macho yao ukaishia kwingine.

Mwaka 1999 kampuni ya kobalti ya Kasese ilianza kutoa madini hayo katika masalia yaliyorundikwa wakati wa enzi ya shaba, kwa kutumia bakteria wa kuyeyusha mawe. Jambo hili lina maana ya pekee kwa mada ya makala haya. Shaba ni mshipa wa kila kompyuta, na kobalti ni sehemu ya betri za simu na kompyuta mpakato. Eneo ambalo katika sera huitwa "mpokeaji" wa teknolojia limekuwa mtoaji wa malighafi yake tangu kabla ya uhuru. Swali la "chombo hiki ni cha nani?" likiulizwa Kasese, basi, halina ugeni wowote.

Historia ya pili ni ya lugha. Bakonzo walio wengi katika wilaya hii waliishi kwa muda mrefu chini ya utawala wa Toro, ambapo lugha ya ofisi, ya shule na ya kanisa ilikuwa Lutoro. Malalamiko dhidi ya hali hiyo yalikuwa sehemu ya harakati ya Rwenzururu, iliyojitangazia kujitenga na Toro tarehe 30 Juni 1962, siku mia moja na moja tu kabla ya uhuru wa Uganda. Wilaya ilitenganishwa na Toro mwaka 1974, na ufalme wa Rwenzururu ukatambuliwa na serikali mwaka 2009. Katika eneo lenye kumbukumbu hii, lugha ya maandishi ya ofisini haichukuliwi kamwe kuwa jambo dogo. Kizazi kizima kilijifunza kwamba karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya mwingine inaweza kukufunga.

Kiswahili nacho kilikuja na mizigo yake. Gavana Gowers alipopendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala Uganda, upinzani mkubwa ulitoka Buganda, na kufikia mwaka 1952 kilikuwa kimeondolewa katika lugha za shule. Kikabaki katika jeshi, polisi, migodi na masoko. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisafisha jina, kwa sababu raia wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari kizuizini. Mpakani, hata hivyo, kilikuwa na sura nyingine. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Kasindi huelewana kwa lugha zao, ambazo kwa hakika ni ndugu wa karibu mno, wala hawahitaji Kiswahili wakiwa wawili. Kiswahili huingia anapotokea mtu wa tatu: dereva kutoka Mombasa, mfanyabiashara kutoka Goma, afisa wa forodha aliyehamishiwa kutoka mashariki mwa nchi. Hapo ndipo palipo nguvu yake: ni lugha ya mtu wa tatu, na mtandao, kwa asili yake, ni mahali ambapo mtu wa tatu yupo daima.

3.0 Kufika kwa mashine na kupimwa kwake

Mfumo wa kisheria uliofungua soko la mawasiliano Uganda uliwekwa na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997, iliyounda Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Mwaka uliofuata kampuni ya MTN ilianza huduma zake, na mwaka 1999 kituo cha mawasiliano cha jamii cha Nakaseke kilifunguliwa kama jaribio la kupeleka kompyuta vijijini. Kuanzia mwaka 2003, mfuko wa tume hiyo wa kuendeleza mawasiliano vijijini ulisaidia kuanzisha maabara za kompyuta shuleni na vituo vya intaneti wilayani. Ukanda wa Rwenzori nao ulipata mitandao yake ya kiraia ya habari, iliyoendesha vituo vya kijamii na kufundisha matumizi ya kompyuta kutoka Fort Portal hadi Kasese.

Mashine zilizojaza maduka na madarasa hayo, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za mkono wa pili. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2009 serikali ilitangaza nia ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa hoja ya taka za kielektroniki. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na kompyuta zilizotumika hazikutoweka sokoni. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Mashine iliyotupwa Ulaya baada ya miaka minne inaweza kumfundishia mwanafunzi wa Kasese miaka mingine sita. Lakini ikifa, mwili wake hubaki Kasese.

Katika mazingira hayo alizaliwa mtu muhimu kuliko wote katika historia hii, ambaye hatajwi katika nyaraka za sera: fundi. Kwa mteja wa kawaida, fundi ndiye mfumo endeshi. Yeye huamua programu gani iwekwe, lugha gani ionekane kwenye kioo, na virusi viondolewe kwa dawa ipi. Uamuzi wake hufuata mantiki isiyo na kosa. Huweka kile ambacho mteja alikiona ofisini, kile ambacho mwalimu atakitahini, na kile ambacho yeye mwenyewe anaweza kukirekebisha jioni hiyohiyo. Kwa miaka mingi kile kilikuwa Windows, mara nyingi katika nakala isiyo na leseni. Kwa hiyo, pale ambapo watetezi wa programu huria walidhani wanashindana na bei ya juu ya leseni, kwa kweli walikuwa wanashindana na bei ya sifuri. Hoja ya "programu yetu hailipiwi" ilimfikia mteja ambaye hakuwahi kulipia programu yoyote.

Kosa hili la kimkakati halikuwa la Kasese peke yake. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, kilihamia programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kikawa mfano uliotajwa sana barani. Somo lililotoka huko lilikuwa kwamba ugumu mkubwa haukuwa wa kiufundi bali wa mazoea ya watumiaji. Chuo kina uongozi, bajeti na wafanyakazi wa kuyabadili mazoea. Duka la kupiga chapa na kutoa nakala la Bwera lina foleni ya wateja.

4.0 Bure, huru, huria

Wanaharakati wa programu za aina hii duniani wamelazimika, tangu miaka ya 1980, kueleza kwamba neno lao la Kiingereza lina maana mbili, ya bei na ya uhuru, na kwamba wao wanakusudia ya pili. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kina *bure* kwa bei na *huru* kwa uhuru, na hakuna mzungumzaji anayechanganya siku ya uhuru na siku ya bure. Ingetarajiwa basi kwamba wazo hili lingeeleweka kwa Kiswahili haraka kuliko kwa Kiingereza. Halikueleweka hivyo, na sababu iko ndani ya maneno yenyewe.

*Bure* ni neno lenye kasoro ya tabia. Maana yake ya kwanza ni "bila malipo", lakini ya pili ni "bila faida": kazi bure, maneno bure, mtu bure. Wahenga walikwisha kuonya kuwa bure ghali. Msikilizaji anapoambiwa kuwa programu fulani ni ya bure, masikio yake husikia maana zote mbili kwa pamoja, na akili yake huanza kutafuta gharama iliyofichwa. Katika eneo ambalo miradi ya wafadhili imekuja na kuondoka, ikiacha mashine zisizo na mtu wa kuzitengeneza, shaka hiyo imejengwa juu ya ushahidi, wala si ya ujinga.

*Huru* nalo ni zito mno. Nchini Uganda linaita Oktoba 1962. Katika Rwenzururu linaita pia mapambano yaliyomwaga damu. Kuliambatisha na programu ya kuandikia barua kunaonekana ama kejeli ama siasa.

Watafsiri wa Tanzania walichagua njia ya tatu. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya istilahi zilizoandaliwa kwa ajili hiyo. Istilahi iliyoenea kwa aina hii ya programu ikawa *programu huria*. Uteuzi huo ulikuwa na mantiki ya Kitanzania. *Huria* lilikuwa tayari limezoeleka katika *soko huria* na katika *Chuo Kikuu Huria*, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992. Mtanzania alisikia ndani yake mlango usio na bawabu. Kwa msikilizaji wa Bwera, ambaye hakupita katika historia hiyo ya maneno, *huria* halikufungua mlango wowote. Lilikuwa neno sanifu kutoka mbali, sahihi na kimya.

Istilahi nyingine zilikumbwa na hatima hiyohiyo. Tanzania ilisema *kompyuta*, Kenya ikafundisha *tarakilishi*. Vitabu vikaleta *maunzi* na *maunzilaini*. Kiswahili cha Kongo kikakopa kwa Kifaransa. Mpakani maneno yote haya hukutana kwenye meza moja ya fundi, na linaloshinda ni lile ambalo mteja analielewa kabla hajabadili mawazo. Wanaistilahi wana desturi ya kuiona hali hii kuwa vurugu. Ingefaa zaidi kuiona kuwa maabara. Kila neno lililodumu katika soko la Mpondwe limepita mtihani mgumu kuliko kikao chochote cha kamati: limeeleweka na mtu mwenye haraka, ambaye lugha yake ya kwanza ni nyingine, na ambaye fedha zake ziko mkononi.

Miaka hiyohiyo, wajitolea nchini Uganda walitafsiri kivinjari cha Mozilla kwa Kiganda. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba programu huria inampa mzungumzaji wa lugha yoyote ruhusa ambayo programu funge haimpi: kutafsiri bila kuomba. Lakini ruhusa si uwezo. Luhukonzo kilikuwa na ruhusa hiyohiyo, bila idara ya chuo kikuu, bila mfadhili na bila soko la mji mkuu nyuma yake.

5.0 Programu huria isiyoitwa kwa jina

Kama historia ingeishia hapo, hitimisho lingekuwa kwamba programu huria ilishindwa Kasese na Bwera. Hitimisho hilo lingekuwa kosa. Ilishinda pale ambapo hakuna aliyeitambulisha.

Mfano wa kwanza ni wa afya. Mfumo wa takwimu za afya wa Uganda ulihamishiwa kwenye DHIS2, programu huria inayoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na kusambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2012. Mfumo wa mTrac, uliotumia ujumbe mfupi wa simu kupeleka taarifa za dawa na magonjwa kutoka vituo vya afya, ulijengwa juu ya RapidSMS, programu huria nyingine. Mhudumu wa afya anayehesabu wagonjwa wa malaria katika kituo cha kijijini na kutuma tarakimu zake kwa simu ya kawaida ni mtumiaji wa programu huria, ingawa hajawahi kulisikia jina hilo.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2019. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018 ulivuka mpaka mwezi Juni 2019, na wagonjwa wa kwanza nchini Uganda walitambuliwa Kasese na kutengwa katika hospitali ya Bwera. Katika siku kama hizo, taarifa husafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya fomu na tarakimu, kwa Kiingereza, ndani ya mifumo rasmi. Njia ya pili ni ya sauti: redio, simu, makundi ya WhatsApp, kwa Luhukonzo, Kinande na Kiswahili. Upande wa Kongo wa mlipuko huo, uvumi na kutoaminiana viligharimu maisha, wakiwemo wahudumu wa afya walioshambuliwa. Programu iliyo wazi kiufundi lakini iliyofungwa kilugha huwajulisha wakubwa upesi, na kuwaacha majirani wakijulishana wenyewe. Huria ya msimbo isiyofuatwa na huria ya lugha ni nusu ya kazi.

Mfano wa pili uko mfukoni mwa karibu kila mwenye simu janja. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Mtu yuleyule anayeamini kwamba Linux ni ngumu, ni ya wataalamu na haifai kwa kazi, huitumia kuanzia alfajiri: kupokea fedha, kuuliza bei ya kahawa, kusikiliza mahubiri na kumtumia ndugu aliye Beni ujumbe wa sauti. Maoni ya kila siku kuhusu programu, basi, ni maoni kuhusu majina na watu walioyaleta zaidi kuliko kuhusu programu zenyewe. Watu walikikataa kile kilichokuja na semina, wakakipokea kile kilichokuja na simu.

6.0 Jamii za mtandaoni: nani anabaki?

Wazo la jamii ya mtandaoni ni nguzo ya programu huria, kwa kuwa programu hizo huishi kwa kujitolea kwa watu wasiojuana. Afrika Mashariki imekuwa na majaribio yake. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003 na leo ina zaidi ya makala 50,000. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili katika vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi zikiwemo kompyuta. Mamia ya makala yaliandikwa kwa wiki chache, lakini washiriki wengi hawakubaki baada ya zawadi kutolewa. Uganda haikuwamo katika hesabu, kana kwamba Kiswahili huishia Busia.

Tafsiri ya juu juu ya matokeo hayo ni kwamba Waafrika hawana desturi ya kujitolea. Historia ya Kasese inaikanusha tafsiri hiyo. Vikundi vya kuweka akiba, vyama vya mazishi, ushirika wa kahawa na kazi za pamoja za kijiji vyote huendeshwa kwa muda wa watu usiolipwa. Tofauti iko kwingine. Katika kikundi cha mazishi, anayechangia leo anajua kwa hakika kwamba zamu yake itafika. Jamii ya mtandaoni ilimwomba mchango bila kumwonyesha zamu. Mtu habaki mahali ambapo hana zamu.

Jambo la pili ni gharama ya kuwapo. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii; mwaka 2021 kodi hiyo ilibadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 Facebook ilizuiwa, kisha intaneti nzima ikafungwa kwa siku kadhaa. Kwa mpiga programu wa Berlin, mtandao ni kama hewa. Kwa mfanyabiashara wa Mpondwe ni kama maji ya bomba: hununuliwa kwa kiasi, huhifadhiwa na yanaweza kukatika bila taarifa. Ndiyo maana jamii zilizostawi ni zile zinazovumilia ukame, yaani makundi madogo ya WhatsApp ya watu wanaojuana kwa sura, yenye ujumbe wa sauti, na yanayovuka mpaka. Ni jamii kamili za mtandaoni, zina maadili yake na walinzi wake, na lugha yake mara nyingi ni ile ya mtu wa tatu.

Kiswahili cha jamii hizo sasa kimekuwa mali. Mwezi Mei 2021 shirika la Mozilla lilitangaza ufadhili wa dola za Marekani milioni 3.4 kwa ajili ya kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wake huria wa Common Voice, ili mashine ziweze kuelewa lugha hiyo inaposemwa. Swali la mgodi linarudi hapa kwa sura mpya. Sauti, kama shaba, hukusanywa sehemu moja na kuyeyushwa kwingine. Tofauti ni kwamba sauti zilizowekwa wazi zinaweza kutumiwa na yeyote, akiwemo aliyezitoa. Lakini Kiswahili cha Bwera kisipokuwamo katika mkusanyo, mashine itakayosikiliza kesho haitamsikia mtu wa Bwera, na atalazimika tena kujifunza lafudhi ya ofisi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Hali ya kisera imebadilika kwa kasi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, huku TEHAMA ikiwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukipokea kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi huohuo Kongo ikakamilisha kujiunga na Jumuiya. Kwa mara ya kwanza, Bwera imo ndani ya soko moja la lugha linaloanzia Bahari ya Hindi na kuishia Atlantiki.

Wakati huohuo maunzi yanapita katika mtihani mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na toleo lililofuata halikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya takriban mwaka 2018. Mashine hizo ndizo zilizojaa maabara za shule na meza za mafundi. Zina njia tatu: kutupwa, kutumika bila ulinzi, au kuwekewa programu huria. Chaguo hilo halitafanywa na wizara. Litafanywa na fundi, jioni moja, mteja akisubiri.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, mafunzo ya programu huria yaelekezwe kwa mafundi wa miji midogo kabla ya maofisa, kwa kuwa wao ndio waamuzi halisi. Pili, somo la Kiswahili na maabara ya kompyuta vikutanishwe: mwanafunzi anayesoma Kiswahili kwa lazima akione pia kwenye kioo, katika programu ambazo tafsiri zake zipo tayari na hazihitaji leseni. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ichukue masoko ya mpakani kuwa vyanzo vya istilahi, na ikusanye maneno yaliyokwisha kushinda huko kabla ya kubuni mapya. Nne, Kiswahili kisipelekwe Kasese kwa namna ambayo Lutoro kilipelekwa. Programu huria ina uwezo wa kubeba Luhukonzo na Kiswahili kwenye mashine moja bila mmoja kumfukuza mwenzake, na hiyo huenda ndiyo faida yake kubwa kuliko zote katika eneo hili. Lugha ya mtu wa tatu hupendwa pale tu ambapo wawili wa kwanza wameachiwa yao.

Katika Luhukonzo mtu ni *omundu*. Mfumo endeshi wa Linux uliotolewa mwaka 2004 kwa jina la Ubuntu ulichukua jina lake kutoka shina hilohilo la Kibantu ambalo kwa Kiswahili limezaa *utu*. Jina lilisafiri duniani kote likarudi Afrika ndani ya diski, na wengi waliolipokea Rwenzori walilisoma kama jina la kigeni. Kazi iliyobaki kwa watafiti na washauri wa sera ni kuhakikisha kwamba kinachorudi kinatambulikana na wenyewe: kwamba fundi wa Bwera, akiulizwa kama programu hii ni ya bure, aweze kujibu kwa lugha anayoichagua kuwa ni zaidi ya bure, kwa sababu ikiharibika yeye mwenyewe ana ruhusa, na ana maneno, ya kuitengeneza.